Divai Gani Siku ya Bata Mzinga? Maelezo kwa Meza Yenye Kila Namna ya Mgeni



Mwezi wa Novemba ukishaingia, sisi tulioko Marekani huanza kuulizana maswali yaleyale: bata mzinga wa ratili ngapi, nani analeta pilau, nani atawapitia wanafunzi wasio na gari. Suala la divai huachwa hadi mwisho kabisa. Jioni ya Jumatano utamkuta msomi mzima, mwenye shahada zake mbili tatu, amesimama dukani mbele ya rafu ya chupa mia na ushei, anasoma lebo kama mtu anayesomewa mashtaka. Mwishowe anachukua yenye picha ya kupendeza, au ya bei ya kati ili asionekane bahili wala mwenye majivuno, na kesho yake divai hiyo inakutana na chakula kisichopatana nayo hata kidogo. Wageni wanakunywa kwa adabu, chupa zinabaki nusu. Hasara tupu.

Basi nimeona niandike kidogo jinsi ya kuchagua divai kwa ajili ya mlo wa Thanksgiving na ule wa Krismasi, hususan kwa meza kama zetu, ambapo bata mzinga hukaa jirani na pilau, kachumbari na samaki wa kupaka. Najua wengi wenu hamtumii kileo, kwa dini au kwa hiari yenu tu. Tafadhali msiiache makala hii njiani, manake sehemu yake inawahusu ninyi, mkialikwa na wanaokunywa au mkiwaalika.

Kwanza neno lenyewe. Nasema divai, sisemi mvinyo. Yote mawili ni ya kuazima: mvinyo tumeupata kwa Wareno, na divai hutajwa kuwa ni Kifaransa, "du vin", neno ambalo lilienea zaidi kwa njia ya wamisionari. Ndiyo maana kwenye Biblia zetu watu wa harusi ya Kana waliishiwa na divai, si mvinyo. Lakini kwa wazee wa pwani mvinyo ulikuwa kileo kikali cha aina yoyote, na hata leo ukimwambia mzee wa Mombasa "mvinyo" huenda akafikiria brandi. Divai haina utata huo. Ni maji ya zabibu yaliyochachuka, kwisha.

Sasa tuje mezani.

Ile kanuni tuliyoisikia wote, kwamba nyeupe ni ya samaki na kuku na nyekundu ni ya ng'ombe, haina msaada mkubwa siku ya Thanksgiving, kwa sababu nyama yenyewe ndiyo jambo dogo kuliko yote. Kidari cha bata mzinga hakina ladha kubwa, tena kikizidi moto kidogo tu kinakuwa kikavu kama karatasi. Kinachotawala sahani ni majirani zake: sosi ya kranberi iliyo chachu na tamu kwa pamoja, viazi vitamu vilivyopikwa na sukari ya kahawia (kuna wanaovifunika kwa vile vitamutamu vyeupe vya kuyeyuka, Mungu awasamehe), mkate uliochanganywa na seji, vitunguu na figili, na rojo yenye chumvi na mafuta. Na watu hawali kimoja kimoja. Wanakusanya vyote kwenye sahani moja, kijiko kimoja kinabeba chumvi, sukari na uchachu. Divai utakayoichagua lazima iweze kukaa na vyote hivyo bila kugombana na kimojawapo.

Kugombana huko kuna sababu zake, na ukizielewa huhitaji kukariri orodha ya majina. Sababu kubwa kuliko zote ni sukari. Ukila kitu kitamu, ulimi unazoea utamu, kisha ukinywa divai isiyo na sukari unaiona chachu na chungu kuliko ilivyokuwa dakika moja kabla. Jaribu nyumbani: onja divai nyekundu kavu, kula kijiko cha sosi ya kranberi, onja tena. Utadhani umebadilishiwa chupa. Kwa hiyo divai ya mlo huu inatakiwa iwe na utamu kidogo, au walau iwe na ladha ya matunda iliyojaa kiasi cha kuuhadaa ulimi. (Kavu hapa nina maana ya isiyobaki na sukari, kama wasemavyo watu wa divai, si kwamba hailowanishi koo.)

Ya pili ni tanini, ile hali ya kukausha mdomo unayoipata kwenye chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani. Inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwa kiasi fulani kwenye pipa la mwaloni. Tanini hupenda kujishikiza na protini. Penye nyama nyekundu yenye mafuta na damu kidogo inapata cha kushika, inalainika. Kwenye kidari kikavu cha bata mzinga haina cha kushika isipokuwa mate yako, na mdomo unabaki kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Ndiyo maana Cabernet Sauvignon ya bei kubwa, ambayo wengi huinunua wakidhani wanamheshimu mwenyeji, ni zawadi nzuri kwa siku nyingine lakini si kwa siku hii.

Uchachu nao? Huo tunautaka. Divai yenye asidi ya kutosha hukata mafuta kama ndimu inavyofanya kwenye samaki wa kukaanga. Tena asidi ya divai ikiwa pungufu kuliko ya chakula, divai inaonekana imelala. Kranberi, kachumbari na achari zote ni chachu, basi divai isizidiwe.

Ya mwisho ni ukali wa kileo chenyewe, na hapa ndipo pilipili inapoingia. Kileo huongeza mwako wa pilipili, hakuupunguzi. Divai ya asilimia 15 juu ya pilipili mbuzi ni sawa na kumwagia moto mafuta ya taa. Utamu, kinyume chake, huutuliza. Meza yenye kachumbari ya pilipili inahitaji divai ya kileo cha chini na utamu kidogo, hilo halina mjadala.

Ukizijumlisha sababu hizo nne utaona mwenyewe kwa nini wajuzi hurudia majina yaleyale kila mwaka. Riesling ndiyo ya kwanza kwangu. Ile ya Ujerumani iliyoandikwa Kabinett mara nyingi ina kileo cha asilimia 8 hadi 10 tu, utamu wa wastani, na asidi ya kukata kama wembe. Inakaa na kranberi, na viazi vitamu, hata na pilipili. Watu huikataa kwa kuwa wameambiwa kuwa divai tamu ni ya washamba. Wamimine bila kuwaonyesha lebo, uone chupa ipi itakwisha kwanza.

Kwa tulioko pande za New York kuna Riesling nzuri ya hapahapa, kutoka eneo la Finger Lakes, na historia yake inafaa kusimuliwa mezani. Zamani watu walidai kwamba mizabibu ya Ulaya haiwezi kuishi kwenye baridi ile. Mwaka 1951 akaja mhamiaji kutoka Ukraini, Konstantin Frank, ana umri wa zaidi ya miaka 50, ana shahada ya udaktari katika kilimo cha mizabibu, Kiingereza hana. Akaanza kwa kazi za kibarua katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, New York. Alikuwa akisisitiza kwamba huko alikotoka baridi ni kali zaidi na mizabibu inaishi, kwamba la muhimu ni shina la kupandikizia. Hakuna aliyemsikiliza kwa muda. Mwaka 1962 akafungua kiwanda chake mwenyewe, na mizabibu ya eneo zima leo ni ushahidi wake. Nadhani wengi humu tunamfahamu mtu wa namna hiyo, mwenye shahada ya udaktari na ufagio mkononi.

Kwa wanaotaka nyekundu, tafuteni nyepesi. Beaujolais ya Ufaransa hutengenezwa kwa zabibu iitwayo Gamay, ina tanini chache na harufu ya matunda mekundu, na inapendeza ikipozwa kidogo. Ile changa, Beaujolais Nouveau, hutolewa kila mwaka Alhamisi ya tatu ya Novemba, utaratibu uliowekwa mwaka 1985. Na kwa kuwa Thanksgiving ni Alhamisi ya nne (Lincoln aliitangaza mwaka 1863 kwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na Bunge likaiweka rasmi Alhamisi ya nne mwaka 1941), divai hiyo hufika madukani wiki moja kamili kabla ya bata mzinga. Wauzaji wanalijua hilo vizuri mno. Maoni yangu: Nouveau ni ya kufurahisha, bei yake si mbaya, lakini ukiongeza dola chache ukapata Beaujolais ya kijiji kama Fleurie au Morgon, umepata divai ya kweli. Pinot Noir ya bonde la Willamette, Oregon, nayo inafaa sana ila haina huruma kwa mfuko.

Kuna watakaokuambia kuwa sikukuu ya Kimarekani inataka zabibu ya Kimarekani, yaani Zinfandel. Hebu tuiangalie. Kwa miaka mingi California waliihesabu kuwa ni yao, hakuna aliyejua ilikotoka. Mwaka 2001 Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akishirikiana na wataalamu wa Kroatia, alithibitisha kwa vipimo vya vinasaba kwamba ni zabibu ileile iliyokuwa karibu kutoweka kwenye pwani ya Dalmatia, iitwayo Crljenak Kaštelanski, na kwamba Primitivo ya kusini mwa Italia pia ni hiyohiyo. Kumbe naye ni mhamiaji aliyepoteza karatasi zake. Ina matunda tele na inaelewana na sosi tamu, lakini angalieni kileo: chupa za asilimia 15 na zaidi si adimu, na mlo huu huanza saa tisa mchana.

Mengine nayapitia haraka. Divai za mapovu zinafaa kwa kila kitu chenye chumvi na mafuta, na zinampa mgeni kitu cha kushika wakati bata mzinga bado yuko jikoni (kila mwaka yuko jikoni bado). Huhitaji Champagne, Cava ya Hispania na Crémant ya Ufaransa hutengenezwa kwa njia ileile ya kuchachuka mara ya pili ndani ya chupa, kwa bei ya chini zaidi. Mtego ni kwenye lebo: ile iliyoandikwa "Extra Dry" ina sukari zaidi kuliko "Brut", ingawa maneno yanadai kinyume. Brut haizidi gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Dry ni 12 hadi 17. Na jamani, kufungua: shika kizibo imara, zungusha chupa, si kizibo. Ndani kuna mgandamizo wa zaidi ya mara mbili wa tairi la gari, na jicho halina spea.

Sasa pilau, ambayo vitabu vya Wazungu haviitaji na ndiyo inayotuhusu.

Pilau si chakula cha pilipili, ni chakula cha harufu: bizari nyembamba, mdalasini, hiliki, karafuu, pilipili manga. Na hapa kuna jambo ambalo kwa kweli lilinifurahisha nilipolisoma. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitambua kwamba harufu ya pilipili manga inayosikika kwenye divai ya Syrah (wao huiita Shiraz) inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, na kwamba kemikali hiyohiyo ndiyo inayoipa pilipili manga yenyewe harufu yake. Si mfano wa kishairi, ni kitu kimoja. Kadhalika pipa la mwaloni likichomwa ndani kabla ya kutiwa divai hutoa eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Kwa hiyo mtu anayenusa gilasi na kusema "nasikia karafuu" hajidai. Anasikia kilekile kinachosikika kwenye njia za Pemba wakati wa mavuno, isipokuwa yake imetoka kwenye mti wa Ulaya.

Kutokana na hayo, pilau ya nyama ya ng'ombe au mbuzi ninaipa Syrah ya kadiri, k.m. Côtes du Rhône, ambayo huchanganywa na Grenache na haina tanini za kutisha. Pilau ya kuku ninaipa Gewürztraminer ya Alsace. Jina lenyewe lina neno la Kijerumani lenye maana ya kiungo, na harufu yake iko kati ya shokishoki na marashi ya waridi. Kuna wanaoiona imezidi, kama mtu aliyejimwagia udi kabla ya kupanda basi, lakini mbele ya hiliki na mdalasini inapata mwenzake. Kachumbari ndiyo mgomvi: ndimu, kitunguu kibichi na pilipili pamoja. Iache Riesling ipambane nayo. Samaki wa kupaka, kwa tui lake zito, ampate Chenin Blanc. Afrika Kusini ndiyo yenye mizabibu mingi ya Chenin kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kwa walioko Uingereza chupa zake ziko kila duka.

Nitaulizwa kuhusu Dodoma, najua. Wamisionari wa Kiitaliano walipanda mizabibu maeneo ya Bihawana miaka ya hamsini, Makutupora kuna kituo cha utafiti cha serikali, na kwa vile hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, wakulima hukata matawi na kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux akilisikia atadhani unamtania. Zile nyekundu tamu za Dodoma ambazo wengi tumezizoea hazifai kwa kidari, ila kwa nyama ya kuchoma yenye pilipili au kwa keki ya matunda zinajitetea. Mwenye mgeni anayetoka nyumbani na nafasi kwenye sanduku, amwagize chupa mbili. Wenyeji wetu wa Kimarekani huchangamkia chupa hiyo kuliko ya dola hamsini, na mazungumzo yanapatikana.

Nimeahidi kusema juu ya wasiokunywa, na kwa maoni yangu ndilo jambo zito kuliko yote niliyoyaandika, kwa sababu divai isiyopatana na chakula huharibu mlo tu, lakini mgeni aliyelishwa asichokikubali bila kuambiwa amevunjiwa imani, na hilo haliondoki kwa kuomba radhi.

Watu wengi hudhani kileo kikipikwa kinayeyuka chote. Si kweli. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba chakula kilichotiwa kileo na kuchemshwa dakika 15 hubakiwa na kama asilimia 40 ya kile kileo; baada ya saa nzima hubaki asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Kile kinachowashwa moto mbele ya wageni kwa mbwembwe hubakiwa na robo tatu. Kwa hiyo rojo iliyotiwa divai nyeupe mwishoni ina divai. Keki ya Krismasi ya Waingereza, iliyonyweshwa brandi wiki baada ya wiki, ina brandi. Vanila halisi ya chupa, kwa sheria ya Marekani, ina kileo kisichopungua asilimia 35, na kuna wanaojali hata hilo. Kazi ya mwenyeji si kuamua kipi ni kidogo kiasi cha kusamehewa. Kazi yake ni kusema: hiki kina, hiki hakina. Mwenye mgeni akaamua mwenyewe. Mimi ningeshauri rojo ipikwe bila divai kabisa. Tia maji ya tufaha na siki kidogo, asidi utaipata.

Tahadhari na zile chupa za "divai isiyo na kileo". Nyingi ni divai ya kweli iliyoondolewa kileo, na kwa kanuni za Marekani kinywaji kinaweza kuitwa hivyo kikiwa bado na chini ya nusu asilimia. Uingereza nako iliyoondolewa kileo inaruhusiwa kufika nusu asilimia. Kuna Mwislamu asiyeona shida hapo, na kuna asiyeigusa. Tena wapo wasiokaa kabisa kwenye meza inayozungushwa kileo, hata kama gilasi yao ina maji. Huwezi kujua kwa kumtazama mtu. Muulize kwa simu kabla, kwa heshima, "Shehe, siku hiyo kutakuwa na watu wanaokunywa, tupange vipi ili nawe ustarehe?" Jibu lake ndilo liamue. Ninajua nyumba ambazo chakula chote huliwa pamoja bila chupa hata moja, kisha chupa hufunguliwa baadaye wakati wa pai, chumba kingine, na hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Na asiyekunywa asipewe soda ya chungwa kama mtoto. Kanuni nilizozieleza juu ya asidi, utamu na tanini hazijui kileo. Sharbati ya ukwaju, isiyozidi sukari, ina uchachu na utamu uleule unaoifanya Riesling ielewane na kranberi. Chai nyeusi baridi, iliyotiwa mdalasini na maji ya komamanga, ina tanini ya kushika nyama ya ng'ombe. Choya iliyochemshwa na karafuu mbili tatu, ikapozwa, ina rangi ya Beaujolais na karibu tabia yake yote. Tangawizi iepuke penye pilipili, moto juu ya moto. Viweke kwenye majagi mazuri, gilasi zilezile za shingo ndefu, katikati ya meza. Mara nyingi wanaokunywa ndio huyamaliza.

Kwa wa Uingereza, ambao Thanksgiving hawana, Krismasi inafuata mantiki hiyohiyo, ila bata mzinga huko huja na vikabichi vidogo vichungu, na uchungu wake hauipendi tanini. Bata bukini ana mafuta mengi, mpe Riesling kavu au Pinot Noir. Kwa mapovu, angalieni za hapohapo, Sussex na Kent: udongo wa chaki kama wa Champagne, na tangu miaka ya tisini zimejijengea jina. Port na jibini ya Stilton baada ya chakula ni desturi inayostahili sifa yake, chumvi kali na utamu mzito vinabembelezana, na chupa huzungushwa kwa kushoto, msiulize kwa nini. Kumbukeni tu kwamba Port ina kileo cha asilimia 20 hivi. Chupa ya kawaida ya divai ya asilimia 13.5 peke yake ni vipimo 10 vya Kiingereza, ambapo madaktari wao, tangu 2016, wanashauri mtu asipite 14 kwa wiki nzima. Na Scotland kiwango cha kuendesha gari kilishushwa mwaka 2014, ni kidogo kuliko cha England.

Pai ya maboga, yenye mdalasini, kungumanga na karafuu, inataka divai tamu kuliko yenyewe. Moscato d'Asti ni nyepesi, asilimia 5 na kidogo. Madeira ni nzito na ya kale. Ilipata sifa yake baada ya kugundulika kwamba mapipa yaliyovuka tropiki kwenye meli yalitoka bora kuliko yalivyoingia, hivyo leo huipasha joto makusudi.

Kiasi: chupa ya mililita 750 inatoa gilasi tano. Hesabu nusu chupa kwa kila anayekunywa kwa mlo mrefu, ongeza moja ya akiba, usiwahesabu wanaoendesha. Joto: nyumba zetu za Marekani huwa nyuzi 21 au 22, na ule ushauri wa kunywa nyekundu kwa "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zilizokuwa hazina hita. Itie kwenye friji dakika 20 hadi 30 kabla. Nyeupe ifanyie kinyume, itoe robo saa mapema, manake baridi kali huua harufu. Umechelewa? Ndoo ya barafu iliyotiwa maji na chumvi hupoza haraka mno kuliko barafu tupu. Na kizibuo kitafuteni siku moja kabla, msije mkamaliza saa nzima na kisu na msumari.

Zilizobaki rudishieni kizibo na mzitie zote kwenye friji, hata nyekundu. Zitakaa siku mbili tatu. Madeira inakaa miezi. Za mapovu zinataka kizibo cha kubana, na ile hadithi ya kijiko mdomoni mwa chupa haina ukweli. Divai iliyopoteza uhai igandishwe kwenye trei ya barafu kwa kupikia, lakini trei iandikwe kwa kalamu nzito, kabla shemeji hajaja mwezi wa Desemba akaitia kwenye sharbati ya watoto.